Mkono Uliofungua Koki ya Saba

Vijana wa depo, siku niliyorudisha spana zangu mlinipa daftari jipya mkaniomba niandike niliyoyaona kazini. Nadhani mlitaka visa vya kuchekesha. Mtavipata kimoja viwili, lakini nawaonya mapema kwamba mimi ni mtu wa shaka. Nikikuta mlango umefungwa, nausukuma nijue kama kweli umefungwa. Mke wangu hadi leo hunikuta jikoni nikinusa taa kabla yeye hajaiwasha. Nani alipandishwa cheo na nani alipata nini mwisho wa mwezi, hayo yako ofisini na hayajamfundisha mtu kazi. Nitawaeleza ile miaka ya mwanzo, tangu mwisho wa miaka ya hamsini hadi uhuru, kwa sababu ndiyo miaka niliyojifunza kuwa pale nilipo. Msicheke. Kuwa pale ulipo kuna uzito zaidi ya kuviringisha mapipa.

Nilitoka kwetu Shika Adabu, nikavuka feri ya Likoni na baiskeli yangu, nikafika Changamwe jua halijawa kali. Bawabu alinipekua akanitoa kiberiti na sigara mbili, kisha akanivua na viatu, maana vilikuwa na misumari, na msumari ukigonga saruji hutoa cheche. Nikapewa raba za turubai kubwa kuliko miguu yangu. Kwa hiyo niliingia kwenye kazi ya maisha yangu nikiburura miguu kama bata.

Nilikabidhiwa kwa Bwana Masudi, mpimaji mkuu wa matangi, mwembamba, mtu wa Jomvu, ambaye hakunipa mkono ila aliutazama wangu. Aliniuliza kama natafuna tambuu, kama nina mchumba, kama napenda mpira, na usiku nikilala huota nini. Nilidhani anataka tujuane. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akitafuta mlango ambao akili yangu hutorokea.

Uwanjani palikuwa na safu ya koki tisa, kila moja na gurudumu lake la kuzungusha na namba yake kwa rangi nyeupe. Mafuta yaliyotoka kwenye matangi yalipitia hapo ndipo yaende kwenye mabehewa ya reli au kwenye kibanda cha kujazia mapipa. Bwana Masudi alinisimamisha mbele ya safu ile kutwa nzima, akaniambia nisiguse kitu, nitazame tu. Jioni akaniuliza koki zimefunguliwa mara ngapi. Nikasema mara nne. Zilikuwa mara sita.

"Mbili zimekwenda wapi?" akauliza.

Nikajibu kwamba pengine nilipepesa.

"Hukupepesa. Mato yalikuwa hapa, wewe ulikuwa kwengine."

Sikumwambia kwengine ni wapi. Nilikuwa kwenye bao. Kila jioni nilicheza bao na seremala mmoja jirani yetu, naye alinifunga kila jioni, na tangu nikiamka hadi nirudi kwake nilikuwa nikiucheza mchezo ule upya kichwani, nikitafuta shimo nililokosea. Nilicheza kwenye feri, nikacheza juu ya baiskeli, nikacheza nimening'inia kwenye ngazi ya tangi. Katika mwaka wa kwanza nilijifunza kazi yote: kuteremsha tepu ya chuma yenye timazi ya shaba mpaka igonge sakafu ya tangi, kuipaka ile dawa inayobadilika rangi ikikuta maji chini ya mafuta, kutumia spana za shaba ambazo hazitoi cheche. Mikono ikaizoea kazi hata haikuhitaji kichwa tena. Nililiona hilo ni jambo la kujivunia. Bwana Masudi aliliona, naye akaanza kunifuata nyuma.

Mwaka wa pili akaletwa Mutisya. Alikuwa Mkamba kutoka upande wa Machakos, mrefu, mtulivu, msomaji wa Biblia, amepanga chumba hapo hapo Changamwe. Tukawekwa zamu moja, mmoja juu ya matangi au mabehewa, mwenzake chini kwenye koki, na kila siku tukibadilishana. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, nami kwa ujana na ujinga nilikuwa nikimsahihisha mbele za watu. Alikuwa akisema asante.

Zilikuwa siku za maneno mengi. Uhuru ulikuwa unakuja, kila mtu aliujua, lakini kila baraza lilikuwa na uhuru wake. Kwetu Likoni wazee walizungumza Mwambao, kwamba pwani ijitenge, kwa kuwa watu wa bara wakishika serikali watashika na bandari na kazi zote. Nilikuwa nikiyasikia hayo jioni kwenye bao, asubuhi nakutana na Mutisya amekwisha fika kabla yangu, ameshika spana. Mtu akiwahi kazini kila siku, mwenye shaka hujiuliza anawahi nini.

Kisha yakaanza mambo madogo. Siku moja tepu niliyoikunja vizuri nikaikuta imekunjwa ovyo. Siku nyingine kifuniko cha tangi nililokuwa nimepima mimi kilikutwa wazi, nami niliapa wallahi nimekifunga. Mara kipimo nilichokiandika kikakutwa kimeandikwa kwenye mstari wa tangi jingine, kwa mwandiko unaofanana na wangu. Nikasema moyoni: huyu ananichimba. Anataka nionekane mzembe, nifukuzwe, amlete nduguye. Nikanunua kijidaftari kidogo, nikakiweka mfuko wa shati, nikaanza kumwandika Mutisya. Saa fulani ameonekana karibu na koki. Saa fulani amezungumza na dereva wa lori. Leo amecheka peke yake.

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo wengi wenu mlipo, ingawa hamna daftari. Nilijiona sasa nimeacha uzembe. Bao lilinitoka kichwani kabisa. Nilikuwa macho kutwa nzima. Lakini nilikuwa macho kwa Mutisya. Koki na mabomba nilivipa ule mkono uliozoea.

Wakati huo huo depo iliongezewa tangi jipya, na mabomba yakabadilishwa. Zamani koki ya sita na ya saba zote zilikuwa za petroli, tukizifungua pamoja na kuzifunga pamoja, moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa kushoto, kwa kuwa zilikuwa zimekaribiana. Baada ya mabadiliko, ya saba ilipeleka kwenye bomba la mafuta ya taa. Ilipasa ibaki imefungwa kila tunapopakia petroli. Bwana Masudi alitukusanya akatuambia, akatuambia tena, akaipaka namba saba rangi nyekundu. Sote tukaitikia.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja ya mawingu tulikuwa tukipakia petroli kwenye mabehewa, Mutisya juu, mimi chini. Kule kibandani walikuwa wakijaza mapipa ya mafuta ya taa, na lori moja lilikuwa limeshaondoka na mapipa sita. Bwana Masudi akapita kibandani na chupa yake kuchukua mafuta ya kupima, kama alivyofanya kila siku, ila siku hiyo alichelewa. Akainusa ile chupa. Akatia ndani kile kipimo cha kioo kinachoelea, kikazama zaidi kuliko inavyotakiwa. Tulikuwa tumekwisha maliza behewa la mwisho na kufunga koki nilipomwona anakuja uwanjani anakimbia, nami sikuwahi kumwona akikimbia.

Mafuta ya taa yalikuwa yamechanganyika na petroli. Nani asiyejua maana yake? Mafuta ya taa peke yake ukiyatupia kiberiti hayashiki kwa urahisi. Ukiyatia petroli ukawasha taa nayo, unakuwa umewasha bomu mezani kwako. Koki zote zilikaguliwa, na ya saba ilikutwa imefungwa sawasawa. Hakuna aliyejua petroli imepita wapi. Bwana Masudi alisema hayo yatangoja, kwanza yatafutwe yale mapipa sita. Tukaingia kwenye gari la depo, yeye, mimi na Mutisya.

Mapipa yalikuwa yamepelekwa kwa mwenye duka mmoja Kisauni. Tukapita kisiwani, tukavuka daraja la Nyali, tukafika adhuhuri imekwisha pita. Matano tuliyakuta hayajaguswa. La sita lilikuwa limefunguliwa, na watu waliokuwa wakingoja mafuta tangu juzi walikuwa wameshanunua kwa chupa na kwa kopo. Mwenye duka alikumbuka nyumba kumi na tatu, nyingine za jirani, nyingine mbali kule Bombolulu, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba na nyumba za kuhesabika. Tulikuwa na muda mpaka magharibi, watu watakapowasha taa.

Msidhani tulipokewa vizuri. Wageni watatu wanabisha hodi, wananuka petroli, wanataka mafuta uliyoyanunua asubuhi. Mwanamume mmoja alisimama mlangoni na chupa yake ameikumbatia, akasema mafuta ni yake na hajawahi kuona muuzaji anayekuja kunyang'anya. Mutisya alipojaribu kumweleza kwa Kiswahili chake cha bara ikawa mbaya zaidi, watu wakanong'onezana kwamba huyu ni askari kanzu. Mimi nilisimama nyuma, na nitawaambia kweli: sikumsaidia. Nilikuwa nikitazama kama anatetemeka. Nilikuwa nimekwisha mhukumu tangu kwenye gari.

Mutisya akaacha maneno. Aliomba kiberiti kwa mwenye duka, akamwomba yule mwanamume kijiko kimoja tu cha mafuta yake. Akakimwaga mchangani mbali na nyumba, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakitupia kijiti kilichowaka. Moto uliruka juu kama umeitwa. Yule mwanamume akaiweka chupa chini taratibu, akaisogeza kwetu kwa mguu. Kuanzia hapo habari ilikwenda mbele yetu, na watu wakawa wanatoa chupa nje kabla hatujafika.

Tulizipata nyumba kumi na mbili. Ya kumi na tatu, kule Bombolulu, ilikuwa ya Bi Mwanakombo, mjane aliyekuwa akishona kofia kwa mkono, zile nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo na nakshi. Siku ile kulikuwa na wingu zito na chumba chake kilikuwa na dirisha moja. Hakungoja magharibi. Tulimkuta amekaa nje kizingitini, jirani akimmwagia maji mikononi, na ndani mchanga umemwagwa juu ya mkeka ulioungua nusu. Uso wake ulisalimika. Mikono yote miwili, kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko, ilikuwa imebabuka. Hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Ni nani katika nyinyi?"

Tulimpeleka hospitali kwa gari la depo, na njia nzima Bwana Masudi alikuwa akisema chini chini maneno ya kuomba radhi ambayo hayakuwa ya kwake kuyaomba.

Kesho yake mkubwa wa depo, Mzungu mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alituita mmoja mmoja. Hakuona ajali. Aliona chama cha wafanyakazi, aliona siasa, aliona mtu aliyetumwa. Aliniuliza kama namshuku mtu. Nikatoa kijidaftari mfukoni, nikakiweka juu ya meza yake. Sikusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililonisumbua baadaye. Kila kilichoandikwa mle kilitokea kweli. Mutisya alionekana karibu na koki. Mutisya alizungumza na madereva. Mchana ule alisimamishwa kazi, akatolewa na bawabu kama mwizi. Aliponipita getini aliniangalia, nami nikaangalia raba zangu.

Bwana Masudi hakuwa na neno nami siku mbili. Siku ya tatu, kazi ya mabehewa ilikuwa imesimama na mabomba yameondolewa mafuta, akaniambia twende uwanjani. Alitaka kujua, alisema, namna tunavyofungua koki siku ya kawaida. Nimwoneshe. Nikaanza kuifanya kwa makini sana, kama mtu anayetahiniwa. Akasema siyo hivyo, nifanye tu kama kawaida. Kisha akaanza mazungumzo. Aliniuliza habari za yule seremala, sijui alizipata kwa nani, kama bado ananifunga, na huwa anaanza na shimo lipi. Bwana Masudi hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani tangu siku ya kwanza. Nilifurahi, nikadhani tumepatana. Nikamweleza mchezo mmoja niliokaribia kushinda, kete zilivyozunguka, mahali nilipokosea. Nilikuwa katikati ya maneno aliponishika bega.

"Umefanya nini sasa hivi?"

"Nimefungua ya sita."

"Na huo mkono wa kushoto?"

Nikatazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika gurudumu la koki ya saba, ile yenye namba nyekundu, nao ulikuwa umekwisha lizungusha hadi mwisho.

Sitajaribu kueleza nilivyojisikia. Nitawaambia tu nilichokifanya, ni aibu lakini ndicho kilichotokea. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba mzee huyu amenitega. Kwamba alinizungumzisha makusudi nikosee, ili amwokoe Mkamba. Niliiona hila kila mahali isipokuwa kwenye mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia hivyo. Hakukasirika.

"Nimekutega, ndiyo," akasema. "Siku ile alikutega nani?"

Akaniuliza pia siku ile kazi ilipokwisha nilifunga koki ngapi. Nikafungua kinywa kusema moja, nikanyamaza. Mkono uliozoea kufungua mbili ulikuwa umezoea na kufunga mbili. Ndiyo maana ya saba ilikutwa imefungwa sawasawa. Ule mkono ulifanya kosa ukalisafisha, na mwenye mkono hana habari. Na siku ile nilipokuwa nikifungua nilikuwa wapi? Nilikumbuka vizuri sana. Nilikuwa nimeinua kichwa kumtazama Mutisya juu ya behewa, nikitafuta cha kuandika.

Bwana Masudi aliniambia hatakwenda kwa mkubwa. Mwenye kusema ni mimi. Nilikaa siku nne nayo. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri: mama yangu ananitegemea, Mutisya atapata kazi kwingine, aliyeungua ameshaungua. Kila sababu niliitazama kama nilivyomtazama Mutisya, na kila moja nikaiona imeficha kitu mfukoni. Siku ya tano nilikwenda ofisini, nikasema. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, na naamini hakunisadiki mara moja, alidhani chama kimenituma nimwokoe mwenzangu. Ilibidi Bwana Masudi aitwe, na nirudie mbele yao mkono ule ulivyokwenda. Hawakunifukuza. Waliniondoa kwenye koki, nikapelekwa kuosha mapipa kwa muda usiotajwa. Mutisya akarudishwa.

Nilikwenda chumbani kwake jioni ile kabla hajaambiwa na mwingine. Nilibisha, akafungua, hakunikaribisha ndani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, hata habari za kijidaftari. Nilitarajia ngumi, au aya ya Biblia. Aliingia ndani akatoka na daftari lake mwenyewe, la shule, lenye jedwali za hesabu nyuma, akanipa nisome.

Alikuwa akiniandika mimi, Hamisi. Kifuniko cha tangi nilichoacha wazi. Kipimo nilichoandika mstari usio wake. Tepu niliyoitupa nikaenda zangu. Na chini, mara tatu kwa siku tofauti: Hamisi ameshika ya saba, nikakohoa, akaiacha.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungesema natafuta kazi yako," akasema. "Na mimi nilifikiri mnafanya makusudi, ili mimi ndiye nifukuzwe. Niliogopa nikisema, nyinyi watu wa hapa mtasema Mkamba amefungua."

Nilirudisha daftari lake. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi kwa sauti siku ile. Tulisimama pale mlangoni watu wawili wenye macho mazuri, tumetazamana miezi mingi, na hakuna aliyetazama bomba.

Kuosha mapipa kulinichukua karibu mwaka. Wakati huo nilikwenda kwa Bi Mwanakombo. Mara ya kwanza nilipiga hodi nikasema mimi ndiye yule aliyemuulizia siku ile. Alikuwa na mikono yenye makovu yanayong'aa, vidole havikunji vizuri. Alinikagua tangu juu hadi chini.

"Waja kutizama, au waja kufanya kazi?"

Nikasema kufanya kazi. Akanisukumia kibati cha sindano na kidonge cha uzi. Kushona bado aliweza, polepole, lakini kutia uzi kwenye tundu la sindano vidole vilikataa. Akaniambia nimtilie sindano za juma zima, kila moja na uzi wake. Nilidhani ni jambo la dakika kumi. Sindano ya kofia, wenzangu, ni nyembamba kama unywele. Nikiwaza bao, uzi unapita kando. Nikiwaza Mutisya, unapita kando. Nikiwaza jinsi nilivyo mtu mwema nimekuja kumsaidia mjane, ndiyo kabisa. Ilinibidi niwaze tundu tu. Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa pale, na kila Ijumaa alizihesabu na kuzikagua moja moja, maana hakuniamini. Hakuniambia amenisamehe hata siku moja. Mara moja tu, nilipomaliza zote bila kukosa, aliniwekea chai.

Niliporudishwa kwenye koki nilirudi na utaratibu ambao mnaufuata hadi leo, mkidhani ulitoka kwa wakubwa. Ulitoka kwangu na Mutisya. Kabla ya kugusa koki unainyooshea kidole, unasoma namba yake kwa sauti, mwenzako anairudia, ndipo unagusa. Mkono usio na kazi unautia mfukoni. Watu walitucheka sana. Walisema wale wawili wameingia wazimu, wanazungumza na mabomba. Bawabu alikuwa akinyoosha kidole getini na kusema, "Lango, moja." Tuliona haya, na Mutisya hasa, aliyekuwa mtu wa kimya. Lakini ulimi ukisema sita, akili haina budi kuja kusikia.

Msiambiwe kwamba tabia huondoka. Bao nililipunguza hadi Jumapili, na kwa majuma mengi ya mwanzo nilikuwa kama mtu aliyekatazwa chumvi. Mawazo yalikuja vile vile, nami sikupigana nayo, maana nikipigana nayo nimekwisha ondoka. Nilirudi kwenye namba tu. Kuna siku nilirudi mara hamsini. Bwana Masudi alinipita siku kama hiyo, akasimama, akasema kurudi ndiyo kazi yenyewe, akaenda zake. Alistaafu mwaka uliofuata na nilimpa mkono. Aliutazama kwanza, ndipo akaupokea.

Siku ya sherehe za uhuru mimi na Mutisya tulikuwa zamuni, maana mabehewa ya bara hayakujua sikukuu. Barabarani ngoma zilipita mchana kutwa, meli bandarini zikapiga honi, na watu wakatuita kupitia uzio tutoke nje. Tulimaliza behewa la mwisho, tukasoma koki zote tisa, ndipo tukaenda uzioni kutazama. Sijui mwenzangu aliwaza nini. Mimi niliwaza yale maneno ya Mwambao na ya bara, na nikaona hayajaisha, yamebadilisha nguo tu. Shaka yangu juu ya siasa haikupungua hata kidogo, na sijaona sababu ya kuipunguza.

Majuma machache baadaye yule Mzungu aliondoka, kiti chake kikakaliwa na Bwana Karisa, mtu wa pwani, mkali na mwadilifu. Alitaka koki zitiwe kufuli na ufunguo ukabidhiwe mtu mmoja wa kuaminika. Alituita sote wawili ofisini. Watu walikwisha mwambia amchague mwenyeji. Wengine walimwambia amchague wa bara, ili isionekane upendeleo. Akanigeukia mimi kwanza, akaniuliza kama Mutisya ni mtu wa kuaminiwa na ufunguo.

"Hapana, bwana," nikasema. "Usimwamini. Siku mwanawe akiugua, akili yake haitakuwa hapa."

Bwana Karisa alishangaa. Akamgeukia Mutisya, akamuuliza kuhusu mimi.

"Huyu ndiyo kabisa," Mutisya akasema. "Huyu usimwache peke yake na koki hata dakika moja."

Bwana Karisa alitutazama kwa muda, akitafuta ugomvi kwenye nyuso zetu, na hakuuona. Alidhani tunamchezea. Akauliza sasa tunataka afanye nini, na tulijibu pamoja, bila kupanga. Kesho yake koki zote tisa zilifungwa kufuli mbili mbili, ufunguo mmoja kwa Mutisya, mmoja kwangu, na hakuna aliyeweza kufungua hata moja mwenzake asipokuwepo. Tulifanya hivyo mpaka Mutisya alipostaafu akarudi kwao. Siku ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wake, kisha akanyoosha mkono, akauchukua tena ule ufunguo kwangu, akaenda kumpa mtu mwingine.